Siku Shemeji Banza Aliposhindwa Kumbeba Mama

Yaya Mwadi, dada yangu mkubwa,

Ni mimi, Numbi. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti chako cha kamba, kwa sababu mbele ya nyumba kuna wanajeshi wanapima barabara kwa kamba ndefu. Mtoto wako amelala. Ameota meno mawili ya chini na ananiuma kidole kana kwamba nimemkosea. Tulimpa jina lako. Kila tunapomwita, Mama hugeukia mlangoni kwanza, halafu anakumbuka, halafu anaendelea na kazi yake.

Nilitaka kukuandikia tangu zamani. Lakini unanijua, maneno yanafika mpaka kwenye meno yangu, yanarudi. Ulikuwa ukinicheka: "Numbi, ile sauti unaichungia nani?" Leo nitajaribu kuitoa yote. Kuna jambo nililokukosea, nami nitalifikia. Nivumilie, lazima nianze mbali kidogo.

Nimemaliza shule, Yaya. Nimepata diploma. Wenzangu walinimwagia poda ya furaha kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, na Papa alipita nami mtaa mzima wa wafanyakazi wa reli akisema kwa kila mtu, "Ni huyu! Ni huyu!" kana kwamba hawanijui. Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki iliyofuata nilirudi shuleni kuchukua karatasi zangu, nikakuta askari wawili ndani ya darasa letu la mwisho. Walikuwa wanalipima, ukuta hadi ukuta. Mmoja alilala sakafuni, mwenzake akachora alama ya chaki kichwani pake na miguuni pake, kisha akahama, akalala tena pembeni. Walifanya hivyo mpaka wakafika ubaoni. Nilichukua karatasi zangu nikatoka, na sakafu yote ilikuwa imejaa watu wa chaki.

Ndivyo mambo yalivyo sasa. Madaktari wa jeshi wanajiandaa. Hakuna anayesema waziwazi wanajiandaa kwa vita gani wala itatokea upande gani. Wanasema tu kwamba ikija itakuwa kubwa, na kwamba zamani walijiandaa kwa majeruhi wachache, sasa hapana. Mahema yameletwa. Watu wanapimwa damu na kuandikwa kundi la damu kwenye kadi ya kuvaa shingoni. Papa naye yumo. Kwenye karakana ya reli wameambiwa watoe viti ndani ya mabehewa matatu ya abiria na kuweka vitanda vya machela, kimoja juu ya kingine, hadi karibu na paa. Jioni moja alikaa na bukari yake mbele yake, ugali ukapoa bila kuguswa. Mama akamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Biti tulifungua na spana tu. Lakini bile bitanda, balituambia tuchomelee na moto. Bisitoke tena." Halafu akanawa mikono.

Mume wako, Shemeji Banza, bado ni muuguzi kambini. Amekonda. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kumwona mtoto. Anasimama nje ya ua, anakohoa. Mama akisikia kikohozi anaingia jikoni na kuvuta mlango. Mimi namchukua mtoto nampeleka kwake nje ya ua, Shemeji anambeba, anamnusa kichwani, anauliza kama anakula. Naenda jikoni nauliza. Mama anajibu. Narudi na jibu. Kazi hiyo ilikuwa yako, kupita katikati yao wawili ukibeba sahani na maneno, na ulikuwa unaifanya huku unaimba. Mimi naifanya kimya.

Unajua Mama alivyolelewa kwao Kinkondja. Mwanaume hamtazami usoni mama wa mke wake, hamgusi, hawakai chumba kimoja. Hapa Kamina wengi wameacha. Kuna wanaotaniana na wakwe zao sokoni kama marafiki. Mama hakuacha, na Shemeji, kwa sababu anamheshimu, amezidi hata yeye. Akimwona mbali barabarani anakata kona na kuingia kwenye mihogo ya watu.

Sasa nakuja kwenye yale mazoezi.

Daktari mkuu wa kambi ni mama mmoja mfupi, sauti yake ni kavu. Alikuja kanisani baada ya misa akasema anahitaji watu wa kujifanya majeruhi, wazee, mama, vijana, kwa sababu askari wake hawatoshi, tena askari wote wana umri mmoja na nguvu moja. "Siku ile haitachagua," alisema. Watu walitazama viatu vyao. Halafu mkono ukapanda karibu yangu, nikaona ni wa Mama. Mama yetu, Yaya, anayeogopa hata sindano ya kuku. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia tu, "Nataka nione namna bantu banaokoa muntu."

Mimi nilimfuata ili asiwe peke yake. Ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja ule mtupu nyuma ya kituo cha reli. Walitupaka rangi nyekundu, wengine wakapakwa unga wa muhogo usoni ili waonekane wameishiwa damu. Kila mtu alipewa kipande cha kartoni kinachosema ameumia wapi. Jirani yetu Mama Umba aligoma kupewa jeraha la mguu. "Banipe mukono tu! Miguu njo ya kunirudisha kwangu!" Wamama wote walicheka. Kartoni ya Mama ilisema damu nyingi inatoka pajani. Yangu ilisema mguu umevunjika, na chini yake: anapiga kelele. Hebu fikiria. Mimi.

Walitueleza kuhusu tepe. Wauguzi wakifika, wanamfunga kila mtu utepe mkononi. Nyekundu ni wa kubebwa sasa hivi. Njano anaweza kusubiri. Kijani anaweza kutembea. Nyeusi ni yule ambaye hawatapoteza muda tena kwake. Daktari alisema haya bila kupandisha wala kushusha sauti, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena.

Tulilala chini, Mama na mimi, hatua mbili tu kati yetu. Filimbi ikalia. Wabebaji wakaja mbio na machela, na wa mbele kabisa alikuwa Shemeji Banza. Nilimwona anapiga magoti, mshipi wa kufungia damu tayari mkononi. Kisha akaona uso.

Aliruka nyuma kana kwamba amekanyaga moto. Mama akavuta kikwembe akajifunika hadi kichwani. Mwenzake, askari mmoja mrefu, akamsukuma begani: "Weye Banza, nini imekushika? Funga!" Shemeji akageuza mgongo. Alisema, "Siwezi. Ule iko mama wa bibi yangu." Mwenzake akacheka, akaita wengine waje waone. Yeye angeweza kumfunga Mama mwenyewe, lakini alikuwa amekufa kwa kicheko. Halafu Shemeji, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini:

"Numbi. Uliza damu inatokea wapi."

Na mimi, Yaya, nikafungua mdomo nimuulize Mama. Alikuwa hatua mbili. Shemeji alikuwa karibu naye kuliko mimi. Nilisema, "Mama, anauliza..." na hapo nikakatisha, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kusema maneno hayohayo.

Daktari alikuja akiangalia saa yake. Alisimama juu ya Mama. Akainama, akamfunga utepe mweusi. "Muda umeisha," alisema. "Huyu amekufa." Akaenda kwa mwingine.

Mama hakujifunua. Alibaki chini ya kikwembe mpaka filimbi ya mwisho.

Baadaye walitukusanya. Yule askari mrefu bado alikuwa na furaha. "Banza, mama mukwe amekushinda kuliko adui!" Daktari akamtazama mpaka akanyamaza. Akatuuliza sisi raia, nani hapa ni mkwe wa nani kambini. Mikono ilianza kupanda, ikapanda, ikawa uwanja mzima. Hata yule mrefu ilionekana shangazi wa mke wake alikuwa amelala kwenye machela ya pili. Daktari alikaa juu ya sanduku la dawa. Alisema, "Munafikiri siku ile tutaletewa wageni? Mutaletwa ninyi." Kisha akamwambia Shemeji kwamba kuanzia kesho hatabeba watu tena, atakaa kwenye bohari ya dawa. Watu wa kambini wote wanajua kwamba hakuna mikono mizuri kama ile. Shemeji alisimama wima akasema ndiyo.

Mama alirudi nyumbani na utepe mweusi mkononi. Alisonga bukari nao, alimwogesha mtoto nao. Sikuthubutu kumwambia auvue.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nimeandika sentensi hii mara nne.

Siku ile ya kwako. Mvua ilikuwa kwenye mabati, mchana. Mtoto alikuja haraka kabla hatujamwita mkunga, akalia vizuri, Mama akacheka. Halafu damu haikukoma. Shemeji alifika mbio kutoka kambini na mfuko wake, amelowa, akasimama nje ukutani, upande wa dirisha lenye pazia. Hakuingia, maana Mama alikuwa ndani na wewe ulikuwa umelala vile. Mimi nilikuwa mlangoni. "Numbi, uliza vitambaa vingapi vimelowa." Niliuliza. Vitatu. "Mwambie asugue chini ya kitovu, kwa nguvu, mtoto anyonye." Nilisema. Mama alisugua mpaka mikono ikatetemeka. "Mwambie nina sindano. Mwambie najua namna." Mama akajibu, "Akupe weye, uilete." Shemeji akanipa dirishani. Nikaingia nayo. Yaya, nilisimama katikati ya chumba na sindano ambayo sikujua kuichoma, na Mama hakujua, na aliyejua alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matofali.

Ndipo ukafungua macho. Ukashika pindo la nguo yangu. Ukasema, "Mwambie aingie."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Ulisema wazi.

Nilimtazama Mama, alikuwa ametugeuzia mgongo anakamua kitambaa. Niliona haya kumwambia Mama kwamba mkwe wake aitwe aingie humo. Nilijiambia, ngoja, atasema tena, safari hii kwa sauti, Mama atasikia mwenyewe. Nikangoja. Hukusema tena. Majirani walipoleta pikipiki, Shemeji alipanda nyuma akakushika, na hapo ndipo alipokugusa mara ya kwanza siku ile. Hamkufika kwenye lango la hospitali.

Hakuna aliyeniuliza. Miezi yote hii hakuna aliyeniuliza, na mimi nilipita katikati yao kila Jumapili na sahani mkononi.

Jumapili baada ya mazoezi, kikohozi kikasikika. Mama akaingia jikoni. Nilimchukua mtoto, lakini sikwenda mpaka kwake nje ya ua. Nilisimama katikati ya kiwanja, jikoni upande huu, Shemeji upande ule. Nikasema kwa nguvu zangu zote: "Yaya alisema, Mwambie aingie! Siku ile! Alisema nami nilisikia, na sikulifikisha!"

Mtoto alishtuka akalia. Hajawahi kusikia sauti yangu. Shemeji alishika mti wa ua, kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo zake za misa. Jikoni chungu kilichemka kikamwagika motoni, nikasikia moto unazimika, na bado hakuna aliyetoka. Baadaye Shemeji aliinuka akaenda. Hakumbeba mtoto siku ile.

Mama hakunisemesha siku mbili. Nilidhani amenifukuza moyoni. Siku ya tatu alikuwa anatwanga sombe, mimi nachambua majani ya muhogo, akasema bila kusimamisha mchi:

"Miye pia nilisikia."

Sikuelewa. Akatwanga tena.

"Nilikuwa karibu naye kukupita. Nilisikia, nikageuka, nikakamua kitambaa. Ilikuwa haya tu, Numbi. Haya tu."

Basi mchi ukaanguka, na nilimshika. Sitakuandikia kilio chake. Wewe ulikijua tangu Babu alipokufa, na hiki kilikuwa kirefu zaidi.

Aliponyamaza alijipangusa na kikwembe akasema, "Kwenda kwa dokta. Umuambie nataka kurudia. Na Banza njo atanibeba."

Nilikwenda kambini peke yangu, Yaya. Mlinzi wa getini hakunisikia mara ya kwanza, nikarudia. Daktari alinitazama akaniuliza, "Weye si ule binti wa muguu, mwenye kukataa kupiga kelele?" Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mwishoni nilimuuliza kama ungepona. Aliweka kalamu chini. Alisema sindano ile inaokoa wengi, si wote, na kwamba hatanidanganya ili nilale vizuri. Nilimshukuru. Nililala vibaya, lakini namshukuru.

Mazoezi ya pili yalifanyika kandokando ya reli, na yale mabehewa ya Papa yalikuwa yamesimama pale, milango wazi. Mama alilazwa kwenye mstari wa Shemeji. Hakujifunika. Filimbi ikalia, Shemeji akaja, akapiga magoti, akapitisha mshipi chini ya paja. Alisema, "Samahani, Mama." Mama alimtazama usoni. Tangu mlipooana sijawahi kuona macho yao yakikutana. Akasema, "Kaza, mutoto wangu." Shemeji akakaza. Mama alipiga kelele, na haikuwa ya mazoezi. Akakaza zaidi. Daktari akafika, akatazama mshipi, akafunga utepe mwekundu, akasema, "Behewani," na Shemeji na yule mrefu wakamwinua Mama juu. Hakuna aliyecheka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilipanda behewani kumfuata Mama. Alikuwa kwenye kitanda cha chini kabisa, Shemeji anamshikilia mkono. Nikainua macho. Juu yake kulikuwa na kitanda kitupu, na juu ya hicho kingine, na kingine, na hivyo hivyo hadi mwisho wa behewa, na kupitia mlango wa mwisho niliona behewa la pili. Vyote vilikuwa vimetandikwa plastiki mpya. Kulinuka rangi. Mama naye alikuwa anavitazama. Aliniuliza taratibu, "Byote bile ni bya nani?" Nikamgeukia Shemeji nimletee jibu, kama siku zote, nikakuta naye anavihesabu.

Shemeji amerudishwa kwa wabebaji. Jumapili iliyopita aliingia mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda, Mama akampa bukari kwa mkono wake. Wote wawili hawakujua wazungumze nini, wakazungumza juu ya kuhara kwa mtoto. Nilitoka nje nikawaacha.

Na mimi nimepewa kazi. Daktari ameniweka kwenye mlango wa behewa. Kila machela ikiletwa, natazama mkono, napaza sauti kutaja rangi ya utepe, ili walio ndani wajue waiweke wapi. Siku ya kwanza waliniambia, "Mademoazeli, unamunong'oneza nani?" Sasa wananisikia mpaka kwenye karakana. Papa anasema anaacha nyundo chini kila ninapoita nyekundu.

Mabehewa hayakurudishwa karakanani. Yako kituoni, na juzi waliyaunganisha na injini. Darasa letu limefungwa kufuli, na watu wa chaki wako humo ndani bado, hawajafutwa. Shemeji ameambiwa asilale mbali na kambi. Tunapomuuliza daktari ni lini, anakaza tu kamba za mahema ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

Kwaheri, Yaya wangu. Msamaha nitauomba siku tutakapoonana, leo nisikuchoshe. Mwanao nitamlea, na nitamfundisha kusema kwa sauti kubwa, hata akiwa mkorofi. Na nakuahidi hili: majeruhi wakiletwa, nitakuwa pale mlangoni. Mtu yeyote akinishika nguo akaniambia neno, hata kama ni dogo, hata kama linaleta haya, hata kama wakubwa wote wa kambi wamesimama hapo, sitangoja alirudie.

Mdogo wako,
Numbi